Diski Ikifa Saa Tisa Usiku, Pesa Yako Iko Wapi?

Saa tisa usiku. Nairobi karibu yote imelala, lakini Marikiti iko macho. Malori yameshaingia, wavuta mkokoteni wanapigiana kelele za "njia! njia!", na wewe mama mboga uliyeamka saa saba umeshachagua mzigo wako: kreti moja ya nyanya na gunia la sukuma. Hesabu imefika shilingi 6,800. Mwenye mzigo anataka pesa yake sasa hivi, maana lori lazima ligeuke kabla barabara haijajaa.

Unatoa simu. Unaandika kiasi, unaweka nambari ya siri, unabonyeza tuma. Skrini inakuambia usubiri. Sekunde tano zinapita. Sekunde kumi. Mwenye mzigo anakuangalia, na mteja mwingine ameanza kuzishikashika nyanya zako.

Hapo ndipo lile swali linakuja: nitume tena?

Mara nyingi kuchelewa kwa aina hiyo ni mambo ya mtandao wa simu tu. Lakini kuna sababu nyingine ambayo wateja wetu wengi hawajawahi kuisikia, na sisi wenyewe tuliielewa vizuri baada ya kukaa na mafundi wetu wa seva na kuwauliza maswali ya kijinga mpaka wakachoka. Inawezekana dakika hiyohiyo, kwenye chumba baridi kilichojaa kompyuta, diski moja ilikuwa inakata roho.

Leo tunakueleza kinachotokea diski ikifa, ni nani huamka kushughulika, na kwa nini siku hizi anayeamka kwanza si mtu. Mwishoni tutalijibu swali lako la Marikiti.

Pesa yako imeandikwa wapi?

Salio lako halikai ndani ya simu. Simu ni dirisha tu. Ukiiangusha kwenye sufuria ya maji leo, pesa yako haijalowa. Salio ni maandishi kwenye daftari kubwa la hesabu, na daftari hilo limehifadhiwa kwenye diski zilizo ndani ya seva, yaani zile kompyuta zenye nguvu zinazofanya kazi mchana na usiku bila kuzimwa.

Diski si jambo la jana. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zikizunguka ndani ya kabati, na zote pamoja ziliweza kubeba takriban herufi milioni tano. Leo picha moja nzuri ya simu yako inaweza kuchukua nafasi hiyo yote.

Hata hivyo, wazo halijabadilika sana. Diski nyingi za seva bado ni sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kila dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwenye hewa nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Kuna aina nyingine isiyo na kitu kinachozunguka, kama ile iliyo ndani ya simu yako. Hiyo nayo huchakaa, kwa sababu kila unapoandika juu yake inapungukiwa na nguvu kidogo.

Kwa hiyo tuambiane ukweli: kila diski itakufa. Kitu pekee tusichokijua ni siku gani.

Tairi ya spea

Muulize dereva yeyote wa matatu ya Nairobi kwenda Kisumu kama huwa anaondoka bila tairi ya spea. Atakucheka. Si kwamba anatarajia pancha leo. Anajua tu kwamba kwa safari za mwaka mzima, pancha itakuja.

Sisi tuko hivyohivyo. Tupige hesabu rahisi ya mfano. Tuseme kampuni ina diski 1,000, na katika kila diski 100, moja hufa kwa mwaka. Hiyo ni kama diski 10 kwa mwaka, karibu moja kila mwezi. Kwako wewe mwenye kompyuta moja ya duka, diski kufa ni msiba wa ghafla. Kwa mwenye diski elfu, ni kazi ya kawaida kama kununua karatasi za risiti.

Suluhisho la msingi lilielezwa mwaka 1988 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Walisema badala ya kutegemea diski moja kubwa ya bei ghali, unganisha diski nyingi za bei nafuu zishirikiane kama chama. Mpango huo waliuita RAID, na mpaka leo ndilo jina lake.

Kuna namna kadhaa za kuunda chama hicho. Rahisi kuliko zote ni ya kioo: kila kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa pia kwenye pacha wake. Moja ikifa, pacha anaendelea kuhudumia bila kusimama. Namna nyingine ni ya hesabu. Tuseme diski tatu zimehifadhi 4, 7 na 2, na ya nne imehifadhi jumla yake, 13. Ile yenye 7 ikipotea, unachukua 13, unaondoa 4 na 2, unabaki na 7 yako. Kompyuta hutumia hesabu tofauti kidogo na hiyo, lakini akili yake ndiyo hiyohiyo: kilichopotea kinapatikana kutoka kwa vilivyobaki.

Pembeni kunakaa diski ya spea. Imewashwa, haina kazi, inangoja tu mwenzake aanguke.

Tatizo si kifo, ni muda

Hapa ndipo tulipomuuliza fundi wetu mmoja: kama kuna pacha na kuna spea, wasiwasi wa nini?

Akatuambia mambo mawili.

La kwanza, diski nyingi hazifi papo hapo. Zinafifia. Diski inajaribu kusoma sehemu fulani, inashindwa, inarudia, inashindwa tena, inarudia. Kwa wakati huo wote haijasema "nimekufa," kwa hiyo kila anayeingoja anaendelea kungoja. Diski iliyokufa kabisa huachwa mara moja. Ile inayojikokota ndiyo inayochelewesha foleni nzima, kama gari bovu lililozimika katikati ya Thika Road saa moja asubuhi.

La pili, tangu diski moja ianguke mpaka spea ijazwe, chama kiko uchi. Kujaza kunachukua muda. Diski ya terabaiti 8, ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde bila kupumzika, inachukua karibu saa 15. Katika saa hizo diski zilizobaki zinafanya kazi mara mbili: kuwahudumia wateja, na pia kumsomea spea kila kitu. Na mara nyingi zilinunuliwa siku moja, zikatoka kiwanda kimoja, zikazeeka pamoja. Ya pili ikianguka kabla kazi haijaisha, baadhi ya vyama havina tena cha kukokotoa.

Kwa hiyo kila dakika ambayo diski mbovu imekaa bila mtu kujua ni dakika ya hatari iliyoongezwa bure.

Zamani, dakika hizo zilikuwa nyingi. Tahadhari ilikuwa inatumwa kwa barua pepe. Mhandisi wa zamu amelala, simu iko kwenye chaja sebuleni. Anaamka saa kumi na moja, anaona ujumbe, anafungua laptopu huku macho hayajafunguka vizuri, anaanza kuandika amri moja baada ya nyingine kutoka kichwani. Mtu mwenye usingizi, amri nzito, na daftari la pesa za watu. Wewe mwenyewe ungelala?

Kijana wa duka aliyeachiwa maagizo

Hapo ndipo skripti inapoingia. Usiogope neno. Skripti ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta inayafuata kwa mpangilio, bila kuruka na bila kuchoka.

Fikiria unasafiri kwenda ushago na unamwachia kijana duka. Hutamwambia tu "angalia duka." Utamwambia: "Stima ikipotea, zima friji kwanza, washa taa ya sola, andika saa kwenye daftari. Ikipita saa mbili haijarudi, nipigie. Usifungue friji." Hayo maagizo, yakiandikwa vizuri, ndiyo skripti.

Kwenye seva zinazotumia mfumo wa Linux kuna zana za bure zinazofanya kazi ya mlinzi. Moja inaitwa mdadm, nayo husimamia chama cha diski. Unaweza kuiambia: ukiona diski imeanguka, endesha skripti hii, na uiambie ni tukio gani na ni diski ipi. Nyingine inaitwa smartd. Hii husoma taarifa za afya ambazo diski yenyewe hujiandikia, kama vile joto, makosa ya kusoma, na sehemu ngapi zimeharibika. Kwa kawaida huzipima kila baada ya dakika 30, kama nesi anayepita wodini.

Je, diski haiwezi kututabiria siku yake? Wakati mwingine inaweza. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 zaidi ya ile isiyo na kosa. Lakini waligundua pia jambo la kunyenyekeza: zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote ya hatari kwenye taarifa zake za afya. Zilionekana nzima, kisha zikaenda.

Ndiyo maana utabiri peke yake hautoshi. Lazima kuwe na mpango wa siku ambayo hakuna aliyeonywa.

Usiku wa manane, dakika kwa dakika

Tuliwaomba mafundi watueleze skripti yetu inafanya nini kwa lugha ya kawaida. Walituchorea kwenye ubao, nasi tukaandika hivi.

Kwanza, *inasikia*. Mlinzi anatoa taarifa kwamba diski fulani imekataa kuandika, au inajibu polepole kupita kiasi tulichoweka.

Pili, *inahakikisha*. Haikurupuki. Inauliza mara ya pili kwa njia nyingine: je, taarifa za afya nazo zinasema hivyo? Je, wenzake kwenye chama ni wazima?

Tatu, *inaitenga*. Diski mbovu inaondolewa kwenye chama ili maombi yako yasiendelee kuingoja. Kwa mteja, hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Foleni inaanza kutembea tena.

Nne, *inahakikisha spea imeingia*. Kujaza kunaanza. Skripti pia inapunguza kazi zisizo za haraka, kama kutengeneza ripoti za mwezi, ili diski zilizobaki zipumue.

Tano, *inaandika*. Saa, jina la seva, nambari ya usajili ya ile diski, na kila hatua iliyochukuliwa. Inawasha pia taa ya diski ile mbovu. Ulidhani ni urembo? Seva ina diski nyingi zilizojipanga kama masanduku ya posta. Fundi akija asubuhi akachomoa nzima badala ya mbovu, ametuletea msiba wa pili kwa mkono wake mwenyewe.

Sita, *inaita mtu*. Ndiyo, bado inaita mtu. Lakini sasa mhandisi wa zamu haamshwi kuja kuzima moto. Anaamshwa kuambiwa: "Moto ulikuwa hapa, umezimwa hivi, njoo ukague."

Hatua tano za kwanza huchukua muda mfupi kuliko ule ambao mtu angetumia kutafuta miwani yake.

Siku skripti ilipotuzidi mbio

Tungependa kukuambia kwamba mambo yalinyooka tangu mwanzo. Hayakunyooka.

Toleo letu la kwanza lilikuwa na bidii kupita kiasi. Kwa bahati nzuri tuligundua kwenye mazoezi, kwenye seva isiyo na pesa ya mtu yeyote. Wakati wa mazoezi hayo kebo moja iliyounganisha diski kadhaa ililegezwa makusudi. Diski zote zilikuwa nzima kabisa. Lakini skripti iliona ya kwanza haijibu, ikaitoa. Ikaona ya pili haijibu, ikaitoa pia. Ilipokuwa inajiandaa kuitoa ya tatu, fundi alichomoa waya wa umeme. Tatizo lilikuwa kebo ya bei ndogo, nayo skripti ilikuwa inafukuza wafanyakazi wazuri mmoja baada ya mwingine, kwa haraka ambayo hakuna binadamu angeifikia.

Hilo ndilo somo la kuachia mashine kazi. Mashine ikikosea, inakosea kwa kasi.

Toleo la sasa lina mipaka iliyoandikwa juu kabisa, kabla ya agizo lolote:

- Diski moja ikilalamika na wengine wote ni wazima, endelea.
- Diski mbili au zaidi zikilalamika kwa wakati mmoja, usiguse kitu. Ita mtu.
- Kama skripti nyingine tayari inafanya kazi kwenye seva hiyo, ngoja. Mikono miwili kwenye chungu kimoja humwaga mchuzi.
- Kama huna uhakika, simama.
- Usifute data yoyote. Kamwe.

Agizo la mwisho halina "isipokuwa." Skripti yetu inaweza kutenga diski, kuingiza spea, kuwasha taa na kupiga kelele. Kufuta ni kazi ya watu wawili, wameamka, wamekunywa chai, na kila mmoja amekagua mwenzake.

Na mazoezi yanaendelea. Tunaiambia seva ya majaribio ijifanye diski yake imekufa, kisha tunapima kila hatua. Skripti ambayo haijawahi kujaribiwa ni kama kizimamoto kilichotundikwa ukutani tangu jengo lilipofunguliwa. Kinapendeza, lakini hujui kama kina kitu ndani.

Kioo si akiba

Kuna kosa moja ambalo hata watu wa kompyuta hulifanya: kudhani kwamba ukiwa na diski pacha, huhitaji nakala nyingine. Kioo kinaonyesha kila unachofanya, na makosa yako pia. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, pacha naye ameifuta palepale, kwa utii wote.

Mfano unaojulikana ulitokea tarehe 31 Januari 2017 katika kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandika programu. Usiku, akiwa anapambana na tatizo jingine, mhandisi mmoja alifuta data kwenye seva isiyo sahihi. Alipostuka na kusimamisha, karibu gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Walipokimbilia njia zao za kuhifadhi nakala, walikuta nyingi hazikuwa zinafanya kazi ipasavyo na hakuna aliyekuwa amejua. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameitengeneza saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya zile saa kama sita ilipotea. Kampuni yenyewe ilieleza yote hadharani, na wengi tumejifunza kutokana na uwazi huo.

Ndiyo maana sisi tunaweka vitu vitatu tofauti. Pacha, kwa ajili ya diski kufa. Seva nyingine kwenye jengo jingine, kwa ajili ya jengo kupatwa na balaa. Na nakala za kila siku zisizoguswa na seva zinazohudumia wateja, kwa ajili ya binadamu kukosea. Nakala hizo nazo kuna skripti inayozifungua na kuzisoma kuona kama kweli zinarudisha kitu. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Na ile diski iliyokufa?

Haitupwi dampo, wala haiuzwi kwa fundi wa River Road. Diski inaweza kukataa kufanya kazi lakini bado ikawa na majina na nambari za watu ndani yake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa zako azilinde, na ulinzi hauishi kwa sababu kifaa kimeharibika. Diski zetu zinasajiliwa zinapotoka, nambari inalinganishwa na ile iliyoandikwa na skripti, kisha zinasagwa. Nambari isipolingana, hakuna anayeenda nyumbani mpaka ipatikane.

Sasa turudi Marikiti

Umesimama na simu mkononi. Skrini bado inazunguka. Ufanye nini?

*Usitume tena papo hapo.* Muamala wako una pande mbili: kutoka kwako na kuingia kwa mwenzako. Mfumo huandika zote mbili au hauandiki hata moja. Hakuna katikati ambapo pesa imetoka kwako ikakaa hewani. Na ujumbe wa kuthibitisha hautoki mpaka maandishi yamekaa mahali zaidi ya pamoja. Lakini ukituma mara ya pili kwa mkono wako, huo ni muamala mpya wenye nambari yake. Mfumo hauwezi kujua kama ulikosa subira au ulitaka kweli kulipa kreti mbili. Ya kwanza ikipita na ya pili ikipita, umelipa mara mbili.

*Angalia salio kwanza, kisha taarifa ya miamala.* Kama pesa imetoka, utaiona pale hata kabla ujumbe haujafika. Kama haijatoka na muamala haupo kwenye orodha, hapo unaweza kutuma tena.

*Shika nambari ya muamala.* Usifute ujumbe wa uthibitisho siku hiyohiyo. Ile nambari ndiyo inayotuwezesha kuupata muamala wako kati ya mengine mengi.

*Kama wewe ndiwe unayeuza,* usiachilie mzigo kwa kuonyeshwa skrini ya mteja. Ngoja ujumbe ufike kwenye simu yako, au angalia salio la till yako. Matapeli wanapenda sana siku ambayo mtandao uko polepole, maana wanajua mtu mwenye haraka hasomi.

*Na hii uishike sana.* Ukipigiwa simu na mtu anayesema, "Napiga kutoka ofisi kuu, seva yetu imeharibika, tunarekebisha akaunti yako, hebu nitajie PIN," kata. Umeshasoma jinsi tunavyorekebisha diski. Umeona popote tulipohitaji PIN yako? Skripti haiihitaji, mhandisi haihitaji, spea haiihitaji.

Duka lako nalo lina diski

Jambo la mwisho, kwa wewe mwenye duka unayeweka madeni ya wateja kwenye laptopu, au unayetegemea simu moja kwa majina yote ya biashara. Wewe pia una diski, na ya kwako haina pacha.

Huhitaji mhandisi. Weka nakala tatu za kitu ambacho hungetaka kukipoteza: ile unayoitumia, nyingine kwenye flashi au diski ya nje, na ya tatu mbali na duka, kwa mfano kwenye hifadhi ya mtandaoni. Iwekee ratiba ijifanye yenyewe kila usiku, maana siku utakayosahau ndiyo siku itakayohitajika. Kisha mara moja kwa mwezi, ifungue. Soma hesabu mbili tatu uone kama ni zenyewe.

Kompyuta ikianza kulia kwa namna usiyoizoea, au faili zikaanza kufunguka kwa kusuasua, usingoje Jumatatu. Nakili kwanza, fundi baadaye.

Na wewe mama uliyeko Marikiti, ulipoangalia salio ulikuta shilingi 6,800 zimeshatoka. Ujumbe ulifika wakati mzigo unapakiwa kwenye mkokoteni. Hukujua kwamba usiku huo kulikuwa na diski iliyokufa, na kusema kweli hiyo ndiyo kazi tunayotaka kuifanya: wewe ujue bei ya nyanya, diski tuachie sisi.

Je, umewahi kukwama katikati ya kulipa na hukujua ufanye nini? Tuandikie hapo chini utuambie ilikuwaje. Swali lako linaweza kuwa makala yetu ijayo.